Transiva inashtakiwa, faiba imekaa kimya: dalili na sababu kabla ya kubadilisha moduli ya mwanga kwenye ruta

Niliwahi kukabidhiwa sanduku la transiva, yaani moduli ndogo zinazochomekwa kwenye ruta na kugeuza umeme kuwa mwanga wa faiba na kinyume chake, zilizoandikwa "MBOVU" kwa wino mzito. Zilichomolewa na mafundi tofauti kwa nyakati tofauti, kila moja ikiwa imehukumiwa siku ambayo linki ililala. Nilizijaribu moja moja kwenye ruta ya majaribio, kwa kipande kifupi cha faiba kutoka mdomo wa kutoa hadi mdomo wa kupokea. Nyingi zilikuwa nzima.

Ukiifikiria, haishangazi. Anayebadilisha transiva hafanyi jambo moja, anafanya manne: anachomoa faiba, anaichomeka upya, anazima na kuwasha poti, na ndiyo, anaweka moduli mpya. Linki ikifufuka, sifa zote anapewa mgeni. Kumbe kilichofufua linki ni punje ya vumbi iliyosogea kidogo konekta ilipotoka na kurudi. Punje ikirudi mahali pake, linki inalala tena, na transiva ya pili inaingia sandukuni.

Ndiyo maana hapa kuchomoa hakuji kwanza. Tunaanza na namba ambazo ruta inazo tayari.

## Macho, mikono na trafiki

Mwanga wa transiva nyingi hauonekani. Ule wa nanomita 1310 na 1550 uko nje kabisa ya uwezo wa jicho, na ule wa 850 jicho huambulia wekundu hafifu usiolingana hata kidogo na nguvu yake halisi. Transiva za kawaida ziko daraja la 1 la usalama wa leza, lakini daraja hilo ni la transiva, si la faiba uliyoishika mkononi: upande wake wa pili huenda kuna kikuza mwanga cha masafa marefu chenye nguvu mara nyingi zaidi. Usichungulie mdomo wa transiva wala ncha ya faiba. Darubini ya mkono ya kukagulia faiba ni hatari zaidi kwa sababu inakusanya mwanga wote na kuupeleka kwenye mboni. Tumia ile ya kamera, unayoangalia picha yake kwenye kioo.

Wapo wanaotumia kamera ya simu kuangalia kama leza inawaka. Kwa nanomita 850 mara nyingi utaona nukta. Kwa 1310 na 1550 kamera hizo kwa kawaida hazioni kitu, na fundi anatangaza msiba wa leza iliyo hai.

Umeme tuli hauui kwa kishindo. Unaweza kuigusa transiva bila bangili ya kuzuia umeme tuli, ikafanya kazi leo, ikaanza kuyumba miezi kadhaa mbele. Vaa bangili na uibane kwenye sehemu ya chuma ya ruta iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Transiva za SFP, QSFP na jamaa zao (hayo ni majina ya maumbo ya moduli) zimeundwa zibadilishwe ruta ikiwa inawaka. Hiyo ni habari ya umeme, si ya trafiki. Pandisha gharama ya njia kwenye OSPF au IS-IS, itifaki zinazochagua njia ya trafiki, kwanza, subiri uone trafiki imehama, ndipo uzime poti kwa amri. Kama poti ni mojawapo ya poti zilizofungwa pamoja kuwa linki moja, hakikisha zinazobaki zinaweza kubeba mzigo wote. Na jiulize swali moja ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa: je, wewe mwenyewe umeingia kwenye ruta hii ukipitia linki ipi?

## Soma mwanga kabla ya kugusa

Transiva nyingi za kisasa hujipima zenyewe na kuiambia ruta mambo matano: joto, volteji, mkondo unaosukuma leza, nguvu ya mwanga unaotoka na nguvu ya mwanga unaoingia. Kwenye vifaa vya Cisco jaribu `show interfaces transceiver detail`. Kwenye Juniper, `show interfaces diagnostics optics`. Kwenye seva ya Linux, `ethtool -m` ikifuatiwa na jina la poti. Zisome pande zote mbili za linki. Upande mmoja peke yake ni nusu ya ushahidi.

Nguvu ya mwanga huandikwa kwa dBm. Sifuri ni miliwati 1. Kila ukishuka 3, mwanga umebaki nusu. Ukishuka 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Ukiona −40 au alama ya kutokuwa na ukomo (−∞), maana yake hakuna mwanga wa kuzungumzia. Modi nyingi ni faiba ya kiini kipana kwa umbali mfupi, modi moja ni ya kiini chembamba kwa umbali mrefu. Kwa transiva za gigabiti 10, viwango vya kawaida ni hivi, kuanzia aina ya umbali mfupi (SR) hadi ya mrefu (ZR):

| Aina | Wimbi (nm) | Inatoa (dBm) | Inapokea (dBm) |
|---|---|---|---|
| SR, modi nyingi | 850 | −7.3 hadi −1 | −9.9 hadi −1 |
| LR, hadi km 10 | 1310 | −8.2 hadi 0.5 | −14.4 hadi 0.5 |
| ER, hadi km 40 | 1550 | −4.7 hadi 4 | −15.8 hadi −1 |
| ZR, takriban km 80 | 1550 | 0 hadi 4 | −24 hadi −7 |

Kabla hujaziamini namba hizi kupita kiasi, jua mawili. Kwanza, kiwango cha SFF-8472 kinachosimamia vipimo hivi kinaruhusu kosa la desibeli 3 juu au chini. Tofauti ya desibeli 1 kati ya transiva mbili haina maana yoyote. Kushuka kwa desibeli 4 kwenye transiva ileile tangu mwezi uliopita kuna maana kubwa. Pili, na hili ndilo huwapoteza wengi: namba ya mwanga unaotoka hupimwa ndani, karibu na leza, kabla mwanga haujafika mdomoni. Transiva inaweza kukuapia kuwa inatoa −2 huku mdomo wake umejaa uchafu na nje hakutoki kitu cha maana. Ukweli wa mwanga unaotoka unasomwa upande wa pili, kwenye namba ya kupokea.

Chukua mfano. Ruta A inatoa −2.1. Ruta B inapokea −9.8. Njiani zimepotea desibeli 7.7. Umbali ni kilomita 6 kwa wimbi la 1310, ambako faiba ya modi moja hupoteza karibu 0.35 kwa kilomita: hizo ni 2.1. Konekta nne, kwa hesabu ya ukarimu ya 0.5 kila moja, ni 2 nyingine. Tulitarajia 4.1, 3.6 hazina maelezo. Linki bado inapanda kwa sababu LR inavumilia hadi −14.4, lakini kuna kitu njiani kinachokula mwanga. Sasa pima kutoka B kwenda A. Upotevu ukiwa sawa pande zote, tafuta kitu ambacho nyuzi zote mbili zinapitia pamoja, kama kebo iliyokunjwa au kubanwa na mlango wa kabati. Ukiwa upande mmoja tu, mshukiwa ni konekta ya uzi huo mmoja. Katika hali zote mbili, transiva iache mahali pake.

## Hakuna mwanga unaoingia kabisa

Upande wako unasoma −40 na poti iko chini. Usianze na transiva yako: mpokeaji asiyepewa kitu hana kosa. Uliza upande wa pili kama poti yake imewashwa kwa amri. Ruta nyingi huzima leza poti inapozimwa, kwa hiyo poti iliyosahaulika baada ya matengenezo ya jana inaonekana sawasawa na faiba iliyokatika.

Kama upande wa pili unatoa, angalia kama nyuzi zimegeuzwa. Kwenye konekta ya LC yenye nyuzi mbili, kutoa kwa huku lazima kuingie kupokea kwa kule. Mtu akiongeza kipande cha kebo kwenye kabati la katikati, nyuzi hugeuka na pande zote mbili zinakuwa zinaongea na hakuna anayesikiliza. Fungua kishikizo cha LC upande mmoja tu na ubadilishane nyuzi. Ukibadilisha pande zote mbili utakuwa umerudi ulikotoka, kosa ambalo nimelifanya zaidi ya mara moja saa nane za usiku.

Kisha kuna jaribio la kuzungusha mwanga, lililonisaidia kulipunguza lile sanduku. Chukua kipande kifupi cha faiba cha aina sahihi, uunganishe kutoa na kupokea kwa transiva hiyohiyo. Mwanga ukisomeka na poti ikipanda, transiva na poti ni wazima. Tatizo liko nje. Tahadhari mbili tu. Transiva za ER na ZR hutoa mwanga mkali kuliko zinavyoweza kupokea, kwa hiyo weka kipunguza mwanga katikati: tazama jedwali, ZR inaweza kutoa 4 na kikomo chake cha kupokea ni −7, hivyo unahitaji angalau desibeli 11. Na transiva za uzi mmoja, zinazotoa wimbi moja na kupokea jingine, haziwezi kujaribiwa hivi, kwa kuwa hazijisikii zenyewe.

Transiva ikishindwa jaribio hilo, ihamishie kwenye poti nyingine ya ruta ileile kabla ya kuizika. Mara chache chache, aliyekufa ni poti.

## Mwanga upo, linki haipandi

Hii ndiyo dalili inayowavuruga watu baada ya kubadilisha, si kabla. Namba ni nzuri pande zote, taa haiwaki.

Anza na lebo. Kosa la kawaida kwenye gigabiti 100 ni LR4 upande mmoja na CWDM4 upande wa pili. Zote zinatumia konekta ya LC yenye nyuzi mbili, zote ni za modi moja, zote zina rangi nne za mwanga ndani ya uzi mmoja, na ukiziweka mezani zinafanana kama pacha. Lakini mawimbi ya LR4 yamebanana kati ya takriban 1295 na 1310, huku ya CWDM4 yakitawanyika kutoka 1271 hadi 1331. Haziwezi kuelewana. Zaidi ya hapo, CWDM4 inategemea urekebishaji wa makosa wa FEC na LR4 kwa kawaida haiuhitaji. Hata kwa transiva zinazolingana, FEC ikiwashwa upande mmoja tu, mwanga utasomeka vizuri na linki haitapanda. Baadhi ya ruta hubadilisha hali ya FEC zenyewe kulingana na moduli iliyoingizwa, kwa hiyo iangalie upya kila unapobadilisha, hata kama hukuigusa.

Kwa transiva za uzi mmoja, lazima ziwe jozi: huku inatoa 1270 na kupokea 1330, kule kinyume chake. Ukiagiza mbili za aina moja, kila upande utaongea kwa wimbi ambalo mwenzake amelizibia masikio. Fundi mwangalifu huandika herufi A na B kwenye kabati mapema.

Kwa transiva za kawaida za nyuzi mbili, mpokeaji wa modi moja huwa hachagui sana wimbi. LR upande mmoja na ER upande wa pili zinaweza hata kupanda kwenye umbali mfupi, na linki hiyo ya bahati nasibu ikaishi miaka. Siku ukibadilisha upande mmoja kwa moduli sahihi, ndipo inakufa, na wewe ndiye unayelaumiwa. Mpokeaji wa 850 ana tabia tofauti: mwanga wa 1310 hauoni kabisa.

Kwa gigabiti 1, dalili ya upande mmoja juu na mwingine chini mara nyingi ni majadiliano ya kiotomatiki (auto-negotiation) yaliyowashwa upande mmoja tu. Aliyeyazima anajiona yuko juu. Aliyeyawasha anangoja jibu lisilokuja. Zifananishe pande zote.

Kwa gigabiti 10 na kuendelea, soma maneno ya hitilafu kwenye logi, yanasema mengi. Ruta ikiripoti hitilafu ya hapa (local fault), maana yake yenyewe haipokei ishara safi. Ikiripoti hitilafu ya mbali (remote fault), yenyewe inasikia vizuri, ila inaambiwa na mwenzake kuwa mwenzake hasikii. Basi uzi wenye shida ni ule unaotoka kwako kwenda kwake. Neno moja limekuondolea nusu ya kazi.

## Linki inapanda na kushuka, au makosa ya CRC yanaongezeka

CRC ni hesabu ya kukagua kama data imefika bila kuharibika njiani. Hapa vumbi ndiye mfalme. Kiini cha faiba ya modi moja kina upana wa takriban maikromita 9. Unywele wa kichwani ni mnene mara kadhaa zaidi. Punje usiyoiona inatosha kufunika njia yote, na mbaya zaidi, ukibana konekta juu yake unaisaga ndani ya kioo. Kovu hilo halisafishiki.

Utaratibu ni kagua, safisha, kagua tena, kisha chomeka. Kalamu ya kusafishia yenye utepe mkavu inatosha mara nyingi: bonyeza mara moja au mbili, basi. Uchafu wa mafuta unahitaji tone dogo la pombe ya isopropili kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi, ukimalizia na sehemu kavu. Usifute kwa shati. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina mvuke na mate. Hewa ya kopo nayo inaweza kuacha ukungu wa kemikali. Safisha pia ndani ya mdomo wa transiva kwa kalamu yenye ncha ya milimita 1.25, sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka. Na usiihesabu kofia ya plastiki kama usafi: inazuia uchafu mpya, ila huenda yenyewe ndiyo iliyoleta wa zamani. Konekta inayotoka kwenye mfuko ambao haujafunguliwa ikaguliwe vilevile.

Konekta ya kijani ni habari nyingine. Kijani kwa modi moja humaanisha uso uliokatwa kwa mshazari wa digrii 8. Transiva za LC karibu zote zinataka uso ulionyooka, konekta ya buluu. Ukiingiza kijani kwenye buluu, inabana vizuri mkononi, lakini kati ya kioo na kioo kunabaki pengo linalokula mwanga na kurudisha mwingine kwenye leza.

Kukunja kebo kuna saini yake. Faiba iliyopindwa kwa ukali huumiza wimbi la 1550 kuliko 1310. Ikiwa kwenye kebo ileile linki za 1550 zinalia na za 1310 ziko sawa, acha transiva, fuata kebo kwa macho hadi kwenye kona. Kanuni ya kawaida ni kutoikunja faiba iliyokwisha kufungwa kwa duara lenye nusu-kipenyo kidogo kuliko mara 10 ya unene wa kebo.

Mwanga mwingi mno pia hutoa makosa. Mtu anayo ZR kwenye akiba, LR zimeisha, linki ni ya kilomita mbili: anaona kuwa yenye nguvu zaidi ni bora zaidi. Mpokeaji wa ZR anasongwa, CRC zinamwagika, na anaweza kuungua kabisa. Namba ya kupokea ikiwa juu ya kikomo, weka kipunguza mwanga upande wa kupokea au, afadhali, tafuta moduli inayofaa umbali.

Baada ya hayo yote ndipo tunafika kwa transiva yenyewe. Leza inayozeeka huhitaji mkondo mkubwa zaidi ili kutoa mwanga uleule. Kwa hiyo tazama mkondo, si mwanga peke yake: ukipanda wiki hadi wiki huku joto likiwa lilelile, na mwishowe mwanga ukaanza kushuka, huyo anakufa kweli. Joto likipanda na mkondo ukapanda nalo, chunguza feni na chujio la hewa kwanza. Transiva za kawaida zimepangiwa nyuzi joto 0 hadi 70. Ikisoma 68 kwenye kabati lisilopumua, mpya utakayoiweka itasoma 68 vilevile.

## Ruta haiitambui moduli

Mara nyingine poti inasema haina kitu wakati moduli unaiona kwa macho. Kwanza, imeingia mpaka ikalia? Bila mlio mdogo wa kufunga, pini za nyuma hazijagusana.

Kama imeingia, soma logi. Kila transiva ina kumbukumbu ndogo iliyoandikwa mtengenezaji na aina yake, na baadhi ya ruta hukataa zile zisizo na jina zinalolitaka. Kwenye vifaa vingi vya Cisco poti hufungiwa kwa kosa, na kuna amri ya `service unsupported-transceiver` ya kuziruhusu. Mimi huitumia kwenye maabara. Kwenye ruta inayobeba watu, naweka moduli yenye kumbukumbu sahihi, kwa sababu siku ya kuomba msaada wa mtengenezaji hilo ndilo watakaloliuliza kwanza.

Spidi nayo ina mwelekeo. Poti ya SFP+ (ya gigabiti 10) mara nyingi inakubali SFP ya gigabiti 1, ingawa huenda ukalazimika kuipangia spidi kwa mkono. SFP+ ndani ya poti ya SFP ya kawaida haitakwenda. Na moduli kubwa za gigabiti 400 hula umeme mwingi. Poti isiyoweza kuzilisha itazitambua kwa jina na kukataa kuwasha leza.

## Kubadilisha, ikibidi

Umepima, umesafisha, umejaribu kuzungusha mwanga, na hukumu imesimama. Kabla ya kuchomoa, andika namba zote za mwanga pande zote mbili na upige picha ya poti pamoja na lebo za faiba. Soma lebo ya moduli mpya ukilinganisha na ya zamani: wimbi, umbali, spidi, na herufi A au B kama ni ya uzi mmoja. Rangi ya kishikizo hutoa dokezo, kama buluu kwa 1310 na nyeusi au maziwa kwa 850, lakini dokezo si uthibitisho.

Zima poti. Chomoa faiba kwa kushika konekta, kamwe si kebo, na uifunike papo hapo. Moduli ikiwa imefanya kazi muda mrefu inaweza kuwa ya moto, hasa za QSFP, ipe nafasi. Kisha, na hili ndilo huokoa vidole, isukume kidogo kwenda ndani kwanza ili kufuli lilegee, fungua kishikizo mpaka mwisho, halafu vuta kwa mstari ulionyooka. Ikigoma, rudia kusukuma. Koleo lisiguse hapo: utatoka na kishikizo mkononi na moduli ikiwa imebaki ndani, na kuanzia hapo kinachotengenezwa ni ruta.

Subiri kama nusu dakika. Ruta inahitaji kuona kwamba ya zamani imeondoka, na kuingiza mpya haraka mno huacha baadhi ya programu zikiwa na picha ya moduli iliyotoka.

Ya kuingia, itazame imelala vipi. Kwenye ruta zenye safu mbili za poti, zile za chini mara nyingi zimegeuzwa juu chini. Moduli iliyogeuzwa huingia sehemu ya njia kisha inakwama. Ukilazimisha unapinda pini za poti. Ikiingia vizuri utasikia mlio. Vuta kidogo bila kugusa kishikizo kuhakikisha imeshika. Ndipo usafishe, uchomeke faiba, na uwashe poti.

## Imebadilishwa, ila trafiki hairudi

Mwanga mzuri, poti juu, majirani hawaonekani. Kwenye Juniper, moduli ya spidi tofauti hubadilisha jina la poti: iliyokuwa `xe-` inakuwa `ge-`, na usanidi wako wote umebaki kwenye jina ambalo halipo tena. Kwenye poti zilizofungwa pamoja, moja yenye spidi tofauti na wenzake itakataliwa kimya kimya na LACP, itifaki inayoziunganisha. Na angalia ile gharama ya njia uliyoipandisha mwanzoni. Nimewahi kukuta linki nzima ikiwa imekaa bure siku tatu kwa sababu fundi aliishusha poti, akabadilisha, akaiwasha, na akasahau kurudisha gharama.

Futa vihesabio vya makosa na uviangalie tena baada ya saa moja yenye trafiki ya kweli, kisha kesho yake. Linki isiyo na mzigo haioneshi CRC. Andika namba mpya za mwanga mahali ambapo atakayekuja baadaye ataziona, kwa sababu bila hizo hatakuwa na cha kulinganisha.

Ile iliyotoka ifunike mdomo, itie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, na uandike juu yake poti ilipotoka, tarehe, namba zake za mwisho na dalili. Ukipata ruta ya majaribio, izungushie mwanga tena. Ikipita, ing'oe lebo na uirudishe kwenye akiba.